Mahona na Usingizi wa Maneno

Mahona wa Nkololo hakuwa mrefu, hakuwa na ng'ombe wa kujivunia, na mguu wake mmoja ulipinda kidogo tangu alipoangushwa na fahali akiwa mtoto. Alichokuwa nacho ni sauti. Na sauti yenyewe si ya kupiga kelele, maana wapiga kelele Nkololo hawajawahi kuadimika. Ilikuwa sauti nene yenye mkwaruzo kidogo, ya kumfanya mtu aache tonge mkononi asikilize. Alikuwa ningi, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, na kijiji chenye ningi mzuri hutembea kifua mbele hata mvua ikikataa.

Kazi ya ningi haikuishia uwanjani. Wakati wa palizi ya pamba watu walijipanga mstari, ngoma nyuma yao, na Mahona akatangulia kwa wimbo. Majembe yalipanda pamoja, yakashuka pamoja, na shamba ambalo asubuhi lilionekana halina mwisho likaisha watu wakiwa bado wanadai ubeti mwingine. Siku moja jirani yake Marcelo alijikata kidole cha mguu kwa jembe katikati ya wimbo. Akaendelea kulima, akicheka na kuitikia, damu inachuruzika kwenye tuta. Wimbo ulipokatika ndipo alipotazama chini, akapiga yowe kama mtu aliyejikata dakika hiyo. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mahona alicheka kuliko wote, wala hakujiuliza maumivu ya Marcelo yalikuwa yamekwenda wapi muda wote ule. Mtu mwenye shamba la kupalilia hajiulizi mambo hayo.

Mkewe Nyanjige alimpata kwa nyimbo, na Nyanjige mwenyewe husema aligundua akiwa tayari ameshaolewa kwamba nyimbo hazichanji kuni. Walipata binti, Salu, na maisha yakaenda. Mwaka wa sabini na nne, Operesheni Vijiji ilipofika na watu kuambiwa wabomoe wahamie kando ya barabara, wengi walihama kwa huzuni kubwa. Mahona alijitwika mlango wa nyumba yake kichwani, akautungia wimbo njiani: wimbo wa mlango uliokuwa ukitafuta nyumba. Hakusifu serikali, hakuilaani. Aliimba mlango tu, na waliobeba mizigo nyuma yake wakaitikia mpaka wakafika, na wengine wakashangaa kuwa wamefika.

Basi huyo ndiye aliyekuja kunyamaza.

Ilitokea hivi. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Wagika na Wagalu, na vikikutana baada ya mavuno hupiga ngoma kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Hakuna hakimu wa kukaa kwenye kiti. Watazamaji wenyewe hukimbilia panapowapendeza, wakichoka hapa wanahamia kule, na upande utakaokuwa na umati jua likizama ndio umeshinda. Kwa hiyo kila ningi hutafuta dawa ya kuvuta watu na ya kumfunga mwenzake, na asiyetafuta husingiziwa kuwa anayo.

Mwaka wa sabini na sita Wagika wa Mahona walikutana na Wagalu kutoka upande wa Mwandoya. Ningi wao aliitwa Kwandu, mtu mkubwa wa mwili, mwenye maringo ya kutosha watu watatu. Katikati ya ngoma Kwandu alisogea mpaka ukingoni mwa upande wake, akachomoa mkia mweusi uliofungwa shanga, akaunyoosha kuelekea koo la Mahona na kuimba, taratibu, kila neno likisikika: "Mahona, koo lako nimelifunga. Fungua mdomo tukuone, utahema kama samaki wa mto Simiyu maji yakikauka."

Watu wote walimgeukia Mahona. Moyo ulikuwa unamdunda masikioni. Akafungua mdomo ajibu, na kilichotoka kilikuwa hewa.

Umati ulihamia kwa Kwandu kama ng'ombe walioona majani.

Tangu siku hiyo Mahona alizungumza kwa kunong'ona. Mbwa wake hawakumsikia tena akiwaita. Majirani walimwonea huruma, wakawa wanamsogelea na kumsikiliza kwa adabu nyingi, jambo lililomuumiza kuliko kuchekwa. Nyanjige alimchemshia mizizi, akamfukiza mvuke chini ya blanketi. Mganga mmoja kutoka Kiloleli alimpa unga wa kulamba. Ulimwendesha msalani kutwa nzima, lakini sauti haikutoka. Na Wagika nao, kwa upole wote, wakamtumia ujumbe kwamba kama mavuno yatafika akiwa bado hivyo, watampa wimbo Januarius. Januarius aliimba kama mbuzi aliyefungiwa stoo. Lakini ningi akishabadilishwa harudishwi, na Mahona alilijua hilo. Angebaki kuwa mzee mwenye mguu uliopinda. Alikuwa akiliwaza hilo kila akiamka, na mavuno yalikuwa yanakaribia.

Zahanati ya kijiji, ambayo wanakijiji waliijenga wenyewe kwa matofali ya kuchoma, ilikuwa imepata mganga msaidizi mpya. Aliitwa Khatibu, kijana wa Lindi, mwembamba, wa kofia na kanzu siku ya Ijumaa. Alikuwa na bidii ya kujifunza Kisukuma na alikuwa hajui lolote ila mayu, yaani mama, na salamu ya asubuhi, ambayo aliitumia kutwa.

"Mwangaluka, mayu," alimwambia Nyanjige alipomleta mumewe saa tisa alasiri.

"Hiyo ya asubuhi, Daktari. Saa hizi tunasema mwadila."

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola. Salama kwetu, ila huyu baba Salu. Sauti imefungwa mwaka jana, mpaka leo."

Khatibu alimkalisha Mahona kwenye benchi karibu na dirisha, akamshika ulimi kwa kijiko, akammulika kooni kwa tochi. Alitazama sana. Kisha akazima tochi.

"Kohoa, mzee wangu."

Mahona alikohoa. Kuku waliokuwa mlangoni wakatawanyika.

"Tena." Akakohoa tena, na mgonjwa mmoja huko nje akauliza nani huyo. Khatibu akatabasamu. "Sasa kikohozi kikubwa namna hiyo kimepitia wapi?"

"Kooni," Mahona alinong'ona.

"Basi koo halijafungwa. Lingefungwa, hata kikohozi kisingepata njia."

Mahona alisimama kwa hasira. "Unasema mimi mwongo?"

"La hasha! Kaa, mzee wangu, kaa. Ukiota simba anakufukuza, jasho linalokutoka ni jasho la kweli au la uongo?"

"La kweli."

"Na simba?"

Mahona aliketi tena.

"Simba hayupo, jasho lipo. Wewe hudanganyi hata kidogo. Siku ile moyo ulikuwa unakwenda mbio, watu wote wanakukodolea macho, na mtu unayemwogopa akakuambia neno moja kwa nguvu. Akili ya mtu ikiwa katika hali ile, mlango unakuwa wazi. Neno likapita, likaketi ndani, na upande mmoja wa akili yako ukalitii kabla wewe hujaulizwa. Mpaka leo unatii. Mimi nataka kuufungua mlango uleule, nitie neno jingine."

Akaeleza kwamba wataalamu huiita haipnosisi, kwamba mwalimu wake mmoja chuoni aliitumia kuwatuliza kina mama wakati wa kujifungua, na kwamba si uchawi wala si usingizi kamili. Mtu huzama katika jambo moja mpaka mengine yanakaa mbali. Nyanjige akamfasiria mumewe yale magumu. Mahona alikuwa na swali moja tu, naye alilinong'ona kwa Kisukuma huku akimtazama Khatibu kwa pembe ya jicho.

"Anauliza," Nyanjige alisema, akijizuia kucheka, "ukishamlaza, utamfanya ataje dawa zake za ngoma alikozificha?"

"Hata nikitaka siwezi. Asilotaka kulisema hatalisema."

Basi wakaanza. Khatibu alishusha sauti, akazungumza polepole, na Nyanjige akawa anafasiri nyuma yake kwa mwendo uleule.

"Fumba macho. Pumua taratibu. Sasa uko ufukweni, mbele yako ni bahari. Maji ya buluu hayana mwisho. Wimbi linakuja, wimbi linarudi..."

Mahona alifumbua jicho moja. "Ng'ombe wanakunywa humo?"

"Hapana, mzee wangu. Ni maji ya chumvi."

"Maji yote hayo?"

"Yote."

Mahona akafumbua na la pili. Tangu azaliwe alikuwa akichunga ng'ombe katika nchi ambayo maji hutafutwa, na sasa anaambiwa kuna maji yasiyo na mwisho, na hayanyweki. Alisikitika kwa dhati. Hakutulia tena, na Khatibu naye, ambaye hakuwa mjinga, akaona kosa lake. Bahari ilikuwa ya kwake yeye, mtoto wa Lindi. Akaiacha.

"Haya, tuache bahari. Uko nyumbani, jioni. Ng'ombe wanarudi malishoni, wanaingia zizini mmoja baada ya mwingine. Vumbi linashuka. Kila anayeingia, wewe unazidi kutulia. Mwingine anaingia, mabega yanalegea. Mwingine..."

Hii ilikwenda vizuri. Pumzi ya Mahona ikawa ndefu. Kichwa kikainama. Sauti ya Nyanjige ikawa laini, ikizidi kuwa laini, na Khatibu akaanza kujipongeza kimoyomoyo. Ghafla Mahona akakunja uso, akasimama, akashika fimbo yake.

"Yule wa pembe moja hajaingia!" alinong'ona, na akawa ameshafika mlangoni. "Nyanjige, twende, fisi watamkuta!"

Nyanjige hakusogea. Aliketi wima kwenye kiti chake, macho yamefumba, uso umetulia kama wa mtoto aliyeshiba, na mkono wake wa kulia umeinuka kutoka pajani, unaelea hewani bila kushikwa na kitu.

Mahona alirudi mbio. Alitaka kumtikisa, ila Khatibu akamzuia kwa upole. "Usiogope. Msikilize. Mama Salu, unatusikia?"

"Nawasikia," Nyanjige alijibu, sauti yake ikitoka kwa raha.

"Ng'ombe wameingia wote?"

"Wote. Hata yule wa pembe moja. Alikuwa nyuma ya kichuguu, anakula."

Mahona, Mungu amsamehe, alipumua kwa faraja.

"Na huo mkono?"

"Umepanda wenyewe. Unataka kukaa huko."

Khatibu akamwambia mkono utashuka polepole, na ukigusa paja atafumbua macho akiwa mwepesi na mwenye furaha. Ukashuka, akafumbua. Alimwona mumewe amesimama na fimbo, amemtolea macho, akaangua kicheko.

"Ulikuwa umekufa?" Mahona alimuuliza.

"Nife kwa nini? Nilikuwa nakuona mjinga wewe unavyohangaika. Nilisikia kila kitu, hata kuku. Ningetaka kuushusha mkono ningeushusha, ila sikuona haja. Baba Salu, ni raha! Kama kuwa kwenye mstari wa palizi wakati ngoma imekolea, unalima na hujui unalima."

Neno hilo lilimwingia Mahona. Alikaa chini taratibu, akamkumbuka Marcelo na kidole chake. Kumbe kitu hiki hakikutoka Lindi wala Ulaya. Alikuwa akiwafanyia watu miaka yote kwa ngoma na ubeti, na hakuwahi kukiita jina. Hofu yake kwa yule kijana wa kofia ilimtoka hapo hapo.

"Mzee wangu," Khatibu alisema, "nimekosea mara mbili. Niambie wewe. Ni wapi ambapo ukiwapo huwazi ng'ombe, huwazi Kwandu, huwazi mtu?"

Mahona alifikiri. "Mtoni, kiangazi," alinong'ona. "Nikichimba maji mchangani."

Kiangazi mito ya kule hubaki mchanga mtupu, na maji hujificha chini yake. Mtu hupiga magoti akachimba kwa mikono, kisha husubiri. Khatibu hakuwahi kuchimba maji mchangani maisha yake yote, kwa hiyo akaomba afundishwe, na Mahona na Nyanjige wakamweleza: mchanga wa juu ni wa moto, wa chini ni wa baridi, ukiona unang'aa usiuchokoze. Ukiwa na pupa maji hutibuka. Ukitulia hujikusanya yenyewe, yakawa meupe.

Safari hii Khatibu alimwachia Nyanjige maneno mengi, maana Kisukuma ndicho akili ya Mahona ilichokuwa ikiwazia, na sauti ya mke ilikuwa inajua njia. Yeye alielekeza tu. Nyanjige akamchimbisha mumewe. Mchanga wa moto, mchanga wa baridi. Mikono mizito sasa, iache ipumzike. Maji yanakuja. Usiyachokoze, baba Salu, yanakuja.

Mahona alisikia kuku nje, lakini kuku wa kijiji cha mbali. Aliona shimo. Aliona mchanga ukigeuka mweusi, ukang'aa. Hakuwa amelala, alijua yuko zahanati, na hakujali. Kila akivuta pumzi maji yalipanda kidogo, na ubaridi wake alikuwa akiusikia si mikononi bali shingoni, palepale Kwandu aliponyooshea mkia.

"Koo likiwa tayari," Khatibu alisema kwa chini, "litoe mlio wowote linaoupenda. Lisipotaka leo, lisitoe."

Nyanjige akafasiri. Kisha, kutoka kifuani kwa Mahona, ukatoka mngurumo mdogo mnene, wenye mkwaruzo.

Nyanjige alisahau kufasiri. Machozi yalimshuka, Khatibu akawa anampungia mkono aendelee, naye anatikisa kichwa kuwa hawezi. Ndani ya ukimya huo Mahona, ambaye maji yake yalikuwa yamejaa na hakuona sababu ya kuyatazama tu, alisema kwa sauti yake yote, ile ya palizi: "Nyanjige, lete kata tuchote!"

Wagonjwa walioko nje walipiga vigelegele. Mmoja aliyekuwa na homa alisahau kuwa na homa, ingawa ilimkumbuka baadaye.

Haikuwa imekwisha. Siku za mwanzo sauti ilikuja na kuondoka, na ikiondoka Mahona aliingiwa na hofu, na hofu ikaifukuza zaidi. Khatibu alimfundisha kuingia mtoni peke yake: kukaa chini, kulegeza mabega, kuchimba, kusubiri. Alifanya hivyo kivulini mwa ghala la pamba, na watu wakazoea kumpita kwa kunyata. Mpaka magunia yalipopelekwa kituo cha ununuzi, alikuwa anaimba akichunga, anaimba akioga, na Januarius amebaki kwenye kuitikia, jambo lililowafurahisha wote, Januarius mwenyewe akiwamo.

Lakini maneno nayo yana miguu yake. Kufika Mwandoya habari ilikuwa imenenepa: kwamba mtu wa pwani amemlaza Mahona, akamwekea kooni kitu cha baharini, na sasa akimnyooshea mtu mkono, basi, koo la mtu huyo limefungwa.

Vyama vikakutana tena kwenye uwanja wa shule, mwaka wa sabini na saba. Watu walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa lori la ushirika. Mahona alisimama mbele ya Wagika wake, akavuta pumzi, akatoa ubeti wa kwanza, na furaha iliyompata hapo siwezi kuipima. Mwaka mzima alikuwa ameogopa kwamba dakika hii haitarudi. Ilikuwa imerudi. Akaimba mpaka mishipa ikamsimama, na katikati ya raha hiyo, akimwona Kwandu ng'ambo, akainua mkono kumsalimu.

Kwandu aliuona mkono umeelekezwa kwake. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Wagalu walipiga ngoma zaidi, wakidhani anavuta pumzi. Akafungua tena. Hewa. Watazamaji walielewa kabla ya wachezaji, na umati mzima ukageuka, ukakimbilia kwa Wagika, vumbi likafunika uwanja. Nyanjige alikuwa anaruka kama msichana. Ushindi ulikuwa mkononi, ushindi wa kusimuliwa miaka.

Mahona aliufurahia. Tusimpake mafuta, aliufurahia kweli, kwa urefu wa wimbo mmoja. Kisha akayaona macho ya Kwandu. Hakuna mtu uwanjani aliyeyajua macho yale kama yeye. Aliona jinsi yule mtu mkubwa alivyoshika shingo yake mwenyewe, akauona mwaka mzima unaomngoja: mbwa wasiosikia, majirani wenye adabu. Wimbo ukamchacha mdomoni.

Akamwachia Januarius aendelee, akavuka uwanja.

Ningi havuki. Haijawahi kuonekana. Wagalu waliinua fimbo, Nyanjige akapiga kelele nyuma yake, yeye akaenda vilevile, mguu wake uliopinda ukichechemea, mikono ameifungua watu waone haina kitu. Akasimama mbele ya Kwandu.

"Kohoa," akamwambia.

Kwandu akamtazama kama anayeambiwa achague namna ya kufa.

"Kohoa, ndugu yangu."

Akakohoa, kikohozi kizito.

"Umesikia? Nimesikia na mimi. Koo liko wazi. Mkono wangu ulikuwa unakusalimia, basi. Sina dawa. Mkia wako wa mwaka jana ulikuwa na dawa gani?"

Kwandu alinong'ona. Mahona akamsogezea sikio asikie.

"Hauna kitu. Ni wa ndama wangu aliyekufa. Shanga alishona mke wangu."

Mahona alijishika magoti akacheka, akacheka mpaka Kwandu naye, katikati ya msiba wake, akaanza kutabasamu kwa upande mmoja. Mwaka mzima, mizizi, mvuke, unga wa Kiloleli, kwa mkia wa ndama! Alipoweza kuzungumza tena alishusha sauti, akaweka mkono begani kwa mwenzake. Ngoma zilikuwa zinanguruma pande zote, lakini Kwandu alikuwa hasikii kingine ila yeye.

"Ng'ombe gani wa kulimia unayempenda?"

"Tingatinga."

"Mwone. Mweusi au mwekundu?"

"Mwekundu. Paji jeupe."

"Yuko wapi?"

Macho ya Kwandu yalianza kwenda mbali. "Mwisho wa shamba. Anatazama majani ya jirani."

"Mwache kwanza. Shika jembe. Mikono mizito, udongo umelainika, mvua ilinyesha jana. Unamwona? Sasa anaingia shamba la watu, Kwandu. Unamwitaje?"

"TINGATINGA!" Kwandu alinguruma, na hata farasi, kama angekuwapo, angekimbia. "Tingatinga, rudi!"

Akajisikia mwenyewe. Akashika koo, macho yakamtoka, na kabla hajapata nafasi ya kuogopa tena, Mahona akamwanzishia wimbo wake mwenyewe wa Wagalu, ubeti wa kwanza, kwa kasi ya plau. Kwandu akaudaka. Alikuwa amepewa sauti yake na hakutaka kuibakiza; aliimba kama mtu aliyetoka kaburini, akacheza, akalia, akamsifu Mahona, akamsifu ng'ombe wake. Wagalu wakapata wazimu wa furaha. Na watazamaji, ambao hawakuwahi kuona ningi akivuka uwanja, walitaka kuona kwa karibu. Wakakimbia. Wote. Mahona alirudi kwa Wagika wake akipishana na umati unaokwenda kule alikotoka.

Jua lilipozama, upande wa Wagika walikuwa wamebaki wapiga ngoma, vikongwe wawili waliochoka kutembea, na Nyanjige amefunga kanga kiunoni.

"Umempa mtu sauti akakupiga nayo," alimwambia njiani kurudi.

"Umemwona lakini? Alivyoudaka ule ubeti!"

"Tumeshindwa, baba Salu. Wewe huoni aibu?"

Mahona hakuona. Alimweleza Nyanjige yale macho, akamweleza mkia, akamwigiza Kwandu akimwita Tingatinga, akaurudia wimbo wa Wagalu akautia ubeti wake juu, kisha akaanza kueleza upya tangu mwanzo, kwa sauti iliyokuwa ikiwaamsha mbwa wa kila nyumba waliyopita. Nyanjige alivumilia mpaka karibu na zahanati. Hapo akasimama, akashika kiuno.

"Ee baba, nyamaza basi! Masikio yanauma!"

Mahona akasimama naye. Hakuna aliyekuwa amemwambia anyamaze tangu mwaka jana. Nyanjige naye alisikia alichokisema, akaziba mdomo kwa mkono. Walitazamana pale barabarani, na mumewe akamwomba, kwa heshima zote, amwambie tena.